Kama Uislamu ulikuja kwa biashara, mbona ulikaa ufuoni miaka elfu bila kuvuka mikoko?

#1 Mwana_Langoni
Asalam aleikum wanajukwaa. Vitabu vya shule vinasema Uislamu uliingia pwani yetu kwa amani, kupitia biashara. Sentensi moja, mwanafunzi amepata alama zake, tumeendelea na mada nyingine. Mimi naona hapo hapajaelezwa kitu.

Pale Shanga, mji wa kale kisiwani Pate karibu na Lamu, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba miaka ya 1980 wakakuta chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe kuna misikiti mingine imepandana, mmoja juu ya mwingine. Wa chini kabisa ni wa miti, umebakia mashimo ya nguzo tu, nao ni wa mnamo mwaka 780. Yaani hata miaka 150 haijapita tangu Mtume (SAW) afariki, na hapa kwetu watu wanaswali. Lakini ukivuka Mokowe, gati la upande wa bara, ukaingia ndani mwendo wa siku chache, hadi karne ya 19 wengi walikuwa na dini zao za jadi. Na biashara ilikuwapo muda wote huo. Pembe za ndovu zilitoka huko huko bara.

Kama biashara ndiyo iliyosilimisha, mbona ilimsilimisha aliyeipokea pembe kisiwani, ikamwacha aliyeileta?

#2 Demani_Njema
Aleikum salaam. Anza na upepo. Kaskazi inashika Desemba, inakolea Januari na Februari, inafifia Machi. Jahazi kutoka Maskati linafika huku kwa wiki tatu hadi nne, upepo usipokatika. Aprili kusi inaingia. Sasa nahodha ana nafasi mbili tu za kurudi. Ya kwanza ni kusi changa, Aprili na mwanzo wa Mei. Juni na Julai kusi ni kali, bahari imefungwa, hakuna anayetweka tanga kwenda Arabuni akiwa na akili timamu. Nafasi ya pili ni demani, Agosti na Septemba.

Akichelewa kupakia wiki mbili kwa sababu pembe hazijashuka au boriti hazijatimia, basi amenasa hadi Agosti. Aliyetia nanga Januari anakaa mjini miezi saba, minane, hakupanga. Humo ataswali, atafunga, ataugua, atauguzwa, ataoa. Ukiniuliza mimi, huko kungoja kumefanya kazi zaidi ya kuuza.

#3 Malindi_Kwanza
Naona kila kitu ni Lamu na Pate. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498 alikuta majahazi ya Wahindi bandarini, na ni sisi tuliompa rubani hadi Calicut. Na yule twiga aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415 alipelekwa na nani?

#4 Mwana_Langoni
Twiga hakusilimu, bwana. Turudi kwenye mada.

#5 Baraza_Mkomani
Demani_Njema kagusa, ila kungoja peke yake hakutoshi. Mabaharia wanangoja kila bandari duniani na hawasilimishi mtu. Uliza walikuwa wakingojea kwa nani.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita Mogadishu mwaka 1331 akaandika utaratibu wenyewe. Jahazi likikaribia, mashua zinatoka kulilaki zimejaa vijana wa mjini, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anamkabidhi mfanyabiashara mmoja ile sahani na kutangaza: huyu mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hashukii kwingine ila nyumbani kwa yule, isipokuwa kama ni mtu aliyezoea mji na watu wake wanamjua. Mwenyeji ndiye anayemuuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Tena mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kupunja, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, mauzo hayo hayatambuliwi. Huo ni ukarimu, sawa, lakini pia ni kanuni ya soko. Mwenyeji ni dalali, mdhamini na ghala kwa pamoja.

Sasa mgeni anaondoka na kusi, ameacha marobota ya nguo ndani ya nyumba ya mwenyeji yageuzwe pembe. Atarudi kaskazi nyingine. Miezi yote hiyo mali yake iko kwa mtu asiyemwona. Huyo mtu akikana, ataapishwa kwa nani? Akifa, nani anarithi deni na mali? Mwenyeji akiwa Mwislamu, maswali hayo yana majibu yaliyoandikwa na yanajulikana toka Siraf, bandari ya Uajemi, hadi Kilwa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Kurani, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kwa hiyo aliyekuwa na sababu ya kusilimu alikuwa mwenyeji aliyepewa mali kwa mudharaba, yaani mmoja anatoa mtaji, mwingine anaufanyia kazi, faida wanagawana. Mwindaji wa ndovu alilipwa nguo papo kwa papo, hakuwa na deni na mtu. Ndilo jibu langu kwa #1.

#6 Fiqhi_Kavu
Shukran kwa maelezo, ila mudharaba hapana. Kwa madhehebu ya Shafii mudharaba haisihi ila kwa fedha taslimu, dinari na dirhamu. Marobota ya nguo si mtaji unaokubalika, kwa sababu siku ya kugawana faida itabidi kwanza mtaji urudishwe, na nguo bei yake imeshapanda au kushuka, hamjui mnarudisha kiasi gani. Wala huruhusiwi kuufungia mkataba huo muda maalumu, na hapa muda umefungwa na upepo.

Alichokuwa nacho mwenyeji ni kimoja kati ya viwili. Ama ni wakala kwa ujira, ama amezinunua nguo kwa deni la muhula, bei ikatajwa siku ile ile. Tofauti yake ni kubwa. Katika mudharaba mali ikizama bila uzembe, hasara ni ya mwenye mtaji, mwendeshaji amepoteza jasho lake tu. Katika deni la muhula mwenyeji analipa bei kamili hata kama mwaka huo hakushuka hata jino moja la ndovu. Deni la namna hiyo bila mashahidi ni ugomvi. Na kwa Mashafii ushahidi wa asiye Mwislamu mbele ya kadhi haupokelewi. Hapo ndipo hoja ya #5 inapopata nguvu, lakini kwa mlango huo, si ule aliotumia yeye.

#7 Baraza_Mkomani
Mlango ni mwingine lakini chumba tumeingia kile kile.

#8 Binti_Shela
Anayetaka kuuona huo uwenyeji kwa macho aangalie nyumba za mawe za Lamu zilivyopangwa. Ukitoka njiani unaingia daka, lenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto. Hapo ndipo biashara inapozungumzwa, na mgeni wa kawaida haendi mbele zaidi. Kisha tekani, ukumbi wa kuingilia, halafu kiwanda, yaani ua wa ndani, halafu misana, kumbi mbili ndefu zimefuatana, mwisho ndani kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani. Kila hatua unayopiga unazidi kuingia kwenye sitara ya watu wa nyumba. Sasa iko sabule, chumba cha mgeni, chenye njia yake ya peke yake ili mgeni apande na kushuka bila kukutana na wanawake wa nyumba. Mfanyabiashara alikaa humo msimu mzima. Ndoo Amu (njoo Lamu) uone, bado zipo.

#9 Msoma_Makaburi
Dada Binti_Shela, nyumba hizo zilizosimama leo nyingi ni za karne ya 18. Huwezi kuzitumia kuthibitisha mambo ya karne ya 8. Shanga yenyewe ilihamwa kabla ya katikati ya karne ya 15.

#10 Binti_Shela
Sikuthibitisha karne ya 8. Nimeonyesha utaratibu wa Ibn Battuta ulijengewa hadi chumba chake, na mtu hajengi chumba kwa jambo linalotokea mara moja.

#11 Fundi_Chokaa
Kwa kuwa tumeingia nyumbani: mnajua kwa nini vyumba vyote hivyo ni vyembamba? Boriti ya mkoko inavuka salama mita mbili na nusu, karibu tatu, basi. Juu yake kunalazwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari nzito ajabu. Ukipanua chumba, boriti inapinda, maji ya mvua yanatuama pale palipobonyea, chokaa inapasuka, mchwa na unyevu wanamalizia kazi. Ndiyo maana misikiti ya zamani ina nguzo nyingi ndani, fundi anaugawa ukumbi kwenye vichochoro vya upana wa boriti moja. Na boriti hizo hizo zilijenga nyumba za Ghuba ambako miti hakuna, kwa hiyo na vyumba vya kule vilikuwa vyembamba vile vile. Zilikuwa zikiuzwa kwa korja, korja moja miti 20, kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Biashara hiyo iliendelea hadi serikali ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982.

Kuhusu dini: mawe ya mihrabu za zamani yamechongwa kwa tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. Likiwa bichi linakatika kwa msumeno na kuchongwa maua, likikauka linakuwa gumu. Kazi hiyo haifanywi na baharia anayengoja upepo. Inataka fundi mkazi, mwenye tanuri, kuni na mwaka mzima wa kuacha chokaa iive. Chokaa isiyoiva inaendelea kuvimba ukutani na kubambua lipu.

#12 Mwana_Langoni
Fundi umetupa faida, ingawa umetupitisha njia ya Basra. Basi ni kina nani waliojenga? Wageni au wenyeji?

#13 Msoma_Makaburi
Hapo ndipo penye utamu. Makka kutoka Lamu iko karibu kaskazini kamili, inaegemea magharibi kwa nyuzi mbili na nusu hivi. Misikiti ya mwanzo ya Shanga haikuelekea huko sawasawa, kibla kilirekebishwa kwenye majengo ya baadaye. Nahodha aliyetoka pande za Arabuni juzi angekosaje upande aliotoka? Mimi nasoma hapo wenyeji waliojenga kwa kufuata mpango wa mji wao wenyewe, uliokuwa na uwanja wa kati, kisima na malango, mpango ambao Horton aliufananisha na kaya, yaani vijiji vya jadi vyenye boma, vya Wamijikenda. Dini imeingia ndani ya kaya. Haikuleta mji wake.

#14 Nasaba_Pate
Na sisi wenye nasaba tutoke? Habari za Pate zinasema Suleiman bin Suleiman Nabhani alikuja kutoka Oman mwaka 600 wa Hijra, sawa na 1203, akamwoa binti wa mkuu wa Wabatawi, waliotawala Pate kabla yake, utawala ukamwangukia kwa ndoa. Habari za Kilwa zina Ali bin Hasan wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Wakimbizi wa kifalme, si wachuuzi. Watu walihama kwa fitina za kwao, wakaja na dini yao nzima, na wake na wanazuoni.

#15 Msoma_Makaburi
1203 ni miaka mia nne baada ya msikiti wa miti wa Shanga. Nabhani alikuta watu wanaswali, Sheikh. Na wanahistoria wengi wanaiona tarehe hiyo imerudishwa nyuma mno.

Nasaba zenyewe zimepata mshangao mwaka 2023, utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ulipochapishwa kwenye jarida la Nature. Walichukua mifupa ya watu 80 kutoka Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na kwingineko. Waliozikwa kwenye makaburi ya Manda na Faza wengi walikuwa na mama Waafrika kwa sehemu kubwa, na baba wa asili ya Uajemi, na kidogo cha Kihindi kimo. Mchanganyiko unaanza kuonekana mnamo mwaka 1000. Damu ya Kiarabu inaongezeka baadaye, baada ya 1500.

#16 Nasaba_Pate
Kwa hiyo Shirazi ni kweli! Miaka hamsini tumeambiwa na maprofesa ni hadithi za kujikweza.

#17 Msoma_Makaburi
Kweli kwa kiasi. Waliopimwa ni wenye makaburi ya mawe, yaani matajiri. Mvuvi aliyezikwa mchangani hakupimwa. Tena soma tarehe: msikiti 780, kuchanganyika 1000. Uislamu umewatangulia akina baba hao zaidi ya karne mbili. Labda walioana nao kwa sababu tayari walikuwa Waislamu, maana ndoa ilikuwa rahisi.

#18 Fiqhi_Kavu
Ndoa siyo rahisi kama mnavyoisema. Mwislamu hamwoi mwanamke mshirikina mpaka asilimu. Binti wa mkuu asiye Mwislamu akisilimu, baba yake hawezi tena kuwa walii wake, yaani mwozeshaji, katika nikaha, na nikaha bila walii kwa Mashafii haisihi. Anayesimama ni kadhi, au anayemwakilisha. Yaani kabla ya harusi ya kwanza mji unahitaji kadhi, mashahidi wawili Waislamu na mahari. Baharia peke yake na shauku yake hapati nikaha. Kisha urithi: Mwislamu hamrithi asiye Mwislamu, wala kinyume chake. Watoto wa ndoa hiyo hawapati kitu kwa babu yao mpaka naye asilimu, ila kwa wasia au zawadi. Babu mwenye ng'ombe na minazi atafikiri.

Na jingine. Ijumaa kwa Mashafii inataka wanaume 40 waliobaleghe, huru, na wakazi wa kudumu. Msafiri anayengojea demani hahesabiwi kwenye 40, hata akikaa miezi minane. Mji wenye msikiti wa Ijumaa ni mji wenye wenyeji Waislamu 40 kwa uchache.

#19 Malindi_Kwanza
Fiqhi_Kavu ngoja kidogo. Imamu Shafii alizaliwa 767. Mwaka 780 alikuwa mtoto wa miaka 13. Wale wa Shanga walikuwa Mashafii kwa wahyi?

#20 Mwana_Langoni
Hahahaha. Leo Malindi wamefunga.

#21 Fiqhi_Kavu
Sijasema wa 780. Nimesema mji wenye Ijumaa ya Kishafii. Ibn Battuta aliwakuta Mashafii Mombasa na Kilwa, na Mombasa misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri, mtu anaosha miguu mlangoni kwa maji ya kisima kabla ya kuingia. Kabla ya hapo nani anajua walifuata nini, Ibadhi, Shia, kila mmoja alipita hapa.

#22 Banyani_wa_Usita
Swali kwa Baraza_Mkomani na kambi yake ya deni. Sisi wenye maduka ya babu zetu pembeni mwa usita, njia ya madukani Lamu, mbona hatukusilimu? Wahindi wa Kihindu walikuwapo Malindi wakati wa Vasco da Gama. Karne ya 19 Jairam Shivji alikodi forodha ya Zanzibar chini ya Sultani Mwislamu. Waliokopesha pwani nzima, pamoja na Waarabu wenye mashamba, ni Wahindi, na wengi wao hawakuwahi kutamka shahada. Mtume mwenyewe alifariki deraya yake iko rehani kwa Yahudi kwa pishi za shayiri. Kwa hiyo mkopo hauhitaji dini moja.

#23 Baraza_Mkomani
Swali zuri, na wengi hulikwepa. Banyani, mfanyabiashara wa Kihindu, alikuwa na Kutch, kwao Uhindini, nyuma yake: jamaa, daftari, na wakubwa wa tabaka lake ambao wakimfukuza amekwisha. Hiyo ndiyo dhamana yake. Mtu wa Manda wa karne ya 9 hakuwa na Kutch. Ukimtoa kisiwani hakuna anayemjua baba yake. Uislamu ulimpa watu wa kumjua hadi Siraf.

#24 Banyani_wa_Usita
Au alivutiwa tu na dini, kama watu wengine duniani. Nyote mnahesabu faida mpaka kwenye shahada.

#25 Mtoro_wa_Witu
Nimesoma kimya, sasa niseme lisilopendwa. Neno "amani" limepita bila kukaguliwa. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyesafiri pwani hii mnamo 916, anasema kisiwa cha Kanbalu kilikaliwa na Waislamu wanaosema lugha ya Zanji, na kwamba walikiteka na kuwachukua Wazanji waliokuwamo, wakati dola ya Banu Umayya inaondoka na ya Abbasi inaingia. Kuteka, si kuuza shanga. Ibn Battuta huyo huyo mnayemnukuu kwa sahani za chakula anasema Sultani wa Kilwa, Abul Mawahib, alikuwa akivamia nchi ya Wazanji na kutenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, ya ngawira.

Na jibu la #1 kwa nini bara haikusilimishwa: Mwislamu huru haruhusiwi kufanywa mtumwa. Ukimsilimisha jirani yako wa bara umejifungia chanzo cha watumwa, na umemfundisha kuja kwa nahodha mwenyewe bila kukupitia wewe. Mwenyeji wa #5 alikuwa na kila sababu ya kusilimu yeye na kuuziba mlango nyuma yake.

#26 Demani_Njema
Kanbalu wengi wanaiweka Pemba, si huku, na al-Masudi anasimulia jambo lililotokea karne moja na nusu kabla yake. Shanga hakuna dalili ya mji kutekwa wakati msikiti wa kwanza unajengwa.

#27 Mtoro_wa_Witu
Sikusema Shanga ilitekwa. Nimesema pwani ni ndefu, na kila mji una mlango wake ulioingiliwa. Tusichukue Shanga moja tukaipaka Lamu hadi Sofala.

#28 Baraza_Mkomani
Hoja ya kuziba mlango naikubali kuliko nilivyopenda. Ila angalia upande wa pili. Waomani waliichukua Fort Jesus 1698. Baada ya vita vya Shela mnamo 1812 Lamu ilijiweka chini ya Sultani wa Oman, ngome ikamalizika 1821. Watawala ni Maibadhi, madhehebu tofauti na Mashafii, wana askari, wana forodha. Watu wa Lamu walibaki Mashafii hadi leo. Na Wareno kabla yao, karne mbili na mapadri na mizinga, waliacha Wakristo wangapi Pate? Nguvu ilipojaribiwa peke yake haikubadilisha watu.

#29 Maulidi_Kila_Mwaka
Nyote mmesahau masharifu. Mnasema Uislamu uliingia karne ya 8 kana kwamba kazi iliisha siku hiyo. Masharifu wa Hadhramaut, ukoo wa Abubakar bin Salim toka Inat, walifika Pate tangu karne ya 16, na Siyu ikaja kuwa mji wa wanakili, misahafu yake ya mkono yenye nakshi ni maarufu hadi leo. Hawakuja kuuza kitu. Tena Ibn Battuta mwenyewe Mogadishu hakuchukuliwa na kijana wa sahani. Alipojulikana ni mwanachuoni, alipokelewa na kadhi akapelekwa kwa Sheikh wa mji. Mwanachuoni alikuwa na mlango wake.

Na ndani ya Lamu yenyewe, nani aliwasomesha watumwa na wageni wa mtaa wa Langoni? Habib Saleh, aliyetoka Ngazija mwishoni mwa karne ya 19. Aliwafundisha wale ambao wakubwa wa Mkomani, mtaa wa mabwana, hawakutaka wakae nao darasa moja, akaingiza matwari, ngoma za mkono, kwenye maulidi ya Habshi, na ugomvi ulikuwa mkubwa: matwari msikitini! Msikiti wa Riyadha ukasimama mwanzoni mwa karne ya 20, na sasa mji unajaa kila mfungo sita, mwezi wa maulidi. Kwa hesabu za Fiqhi_Kavu hao watumwa hawakuwa hata kwenye wale 40.

#30 Fiqhi_Kavu
Mtumwa hahesabiwi, ndiyo, lakini Ijumaa yake inasihi akiswali. Usinisingizie.

#31 Baraza_Mkomani
"Wakubwa wa Mkomani" tupo humu, tunasoma. 😄

#32 Fundi_Chokaa
Swali la pembeni: kuna mwenye kujua kwa nini mabirika ya misikiti yetu yana samaki? Nimeambiwa na watu wawili majibu mawili.

#33 Binti_Shela
Wanakula viluwiluwi vya mbu. Birika ni maji yaliyosimama, bila samaki msikiti mzima ungekuwa na homa. Chini ya birika nyingine utaona na sahani ya kaure imepachikwa kwenye lipu.

#34 Mahaji_wa_Gede
Mnajadili bara kama hakuna mtu wa bara humu. Kwanza, Gede, mji wa magofu karibu na Malindi, haiko ufuoni, na ina msikiti mkuu na kaburi lenye tarehe ya 802 Hijra, sawa na 1399. Kwa hiyo Uislamu ulivuka mikoko, kidogo.

Pili, Malindi_Kwanza, Malindi yako ya twiga ilikufa. Wareno walipohamishia kiti cha Sultani wa Malindi Mombasa miaka ya 1590, mji ulidhoofika hadi ukawa vichaka. Malindi ya leo ilifufuliwa 1861 na Sultani wa Zanzibar kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Huwezi kuvuta uzi mmoja tangu 1415 hadi Ijumaa iliyopita.

Tatu, kwa Wagiriama wengi waliosilimu karne ya 20 mlango haukuwa deni, ndoa wala sharifu. Ulikuwa pepo. Mtu anaugua, mganga anapiga bao, anaambiwa ameshikwa na pepo wa Kiislamu. Pepo huyo hataki nguruwe, hataki pombe ya mnazi, hataki nyama isiyochinjwa kwa bismillahi. Mgonjwa akikaidi anarudi kitandani. Akifuata, hawezi tena kula na kunywa kwenye mazishi na wenziwe, anatengwa na wazee polepole, mwishowe anaitwa mahaji, yaani Mgiriama aliyesilimu. Na aliyetengwa na pombe ya wazee ametengwa pia na madeni na karamu zao. Wapo watafiti walioona kwamba wengi wa hao walikuwa wakinunua minazi na mashamba. Pepo alimtafutia sababu ya kutogawa mali.

#35 Mwana_Langoni
Kwa hiyo tumerudi kwenye mali kwa mlango wa mganga.

#36 Mahaji_wa_Gede
Wewe umerudi. Mgonjwa anakwambia alikuwa anaumwa.

#37 Mtoro_wa_Witu
Na Wadigo je? Wamijikenda vile vile, jirani wa Mombasa na wa Vumba, Waswahili wa kusini, wengi wao Waislamu. Wao walirithi kwa upande wa mama, mjomba kwa mpwa. Fiqhi ikaja na mwana amrithi baba. Ugomvi wa mpwa na mwana uliwachukua miaka mingi, na bado wakasilimu. Wagiriama waliorithi kwa baba, ambao sheria haikuwasumbua upande huo, hawakusilimu kwa wingi. Nani anaweza kueleza hilo kwa nadharia yoyote ya humu?

#38 Nasaba_Pate
Ujirani. Vumba waliolewa na kuoa Digo kwa muda mrefu.

#39 Mtoro_wa_Witu
Ujirani? Basi nenda mto Tana. Wapokomo wa chini, walio karibu na bahari na Lamu, wengi ni Wakristo. Wa juu, walio mbali na bahari, ni Waislamu. Kama ni jahazi, deni, mwenyeji na sabule, ilitakiwa iwe kinyume.

#40 Demani_Njema
Chini ya mto wamisheni wa Kijerumani walifungua kituo Ngao miaka ya 1880 wakiwa na shule na dawa. Huku juu majirani ni Orma na Wasomali, na hao ndio waliowapa dini, kwa njia ya ng'ombe na visima, bahari haikuhusika. Lakini hiyo haielezi kwa nini kabla ya Wajerumani watu wa Lamu walinunua mpunga wa mtoni, na mtumbwi ukarudi juu na chumvi na nguo tu.

#41 Baraza_Mkomani
Mpunga ulilipwa papo hapo. Narudia #5: hapakuwa na deni.

#42 Mtoro_wa_Witu
Nami narudia #25. Mlango uliozibwa.

#43 Mwana_Langoni
Kuna mtu ana picha ya kaburi la 802 la Gede linalosomeka? Na anayekwenda Shanga maji yakijaa, aniambie mashua za kutoka Siyu siku hizi zinalipisha kiasi gani.